Muziki wa filamu ukipigwa upya na watu wengine, bado ni wa filamu ile?

Wadau, naleta jambo tulilobishana na mwenzangu mpaka chai ikapoa. Tulikuwa tunasikiliza Alfie, albamu ya mpiga saksafoni wa jazi Sonny Rollins ya mwaka 1966. Yeye anashikilia kwamba huo ndio muziki wa ile filamu ya Michael Caine. Mimi nakataa, na nasema jalada linampoteza msikilizaji.

Rollins alitunga muziki wa filamu hiyo na kuupiga London na wanamuziki wa kule, akiwemo mpiga piano Stan Tracey. Hao ndio unaowasikia ukitazama filamu. Lakini tarehe 26 Januari 1966 aliingia studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey, na kikosi kingine: Kenny Burrell kwenye gitaa, Roger Kellaway kwenye piano, Frankie Dunlop kwenye ngoma, na Oliver Nelson akipanga muziki na kuuongoza. Rekodi hiyo ndiyo iliyouzwa kama muziki asilia wa filamu. Tena wimbo wa Burt Bacharach wenye jina hilohilo, alioimba Cilla Black, haumo kabisa.

Mwenzangu ana hoja nzito: tuni ni za Rollins, saksafoni ni ya Rollins, unataka nini zaidi? Akanikumbusha Mombasa, Juma Bhalo alivyochukua tuni za filamu za Kihindi akazitia maneno ya Kiswahili, na watu wakampenda. Ni kweli. Ila nyimbo zile zilijulikana kuwa za Bhalo. Hakuna aliyeambiwa ananunua muziki wa filamu yenyewe.

Kwenye jazi tuni ni mlango tu. Nyumba inajengwa na wapigaji papo hapo. "Alfie's Theme" kwenye albamu inapita dakika 9. Rollins anaikamata tuni, anaizungusha, anaivunja, anaiokota tena, kisha Burrell anaingia taratibu kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake barazani. Kwenye filamu nafasi hiyo haipo, picha ndiyo inayoamua muziki ukome wapi. Naipenda sana albamu hii, na uzuri wake umetokana na uhuru huo wa New Jersey. Basi iandikwe hivyo: tuni za Alfie, zimepigwa upya.

Mlinganishe na mpiga tarumbeta Miles Davis, Paris, Desemba 1957. Alipiga muziki wa filamu ya Louis Malle huku picha zikipita mbele yake, na santuri ikatoka na rekodi za kikao kilekile. Pale sina ubishi.

Wenye msimamo wa mwenzangu, nijibuni hili moja. Ikiwa tuni pekee inatosha, je, siku ile Rollins angebaki nyumbani, tuni zake zikapigwa na saksafoni ya mtu mwingine, mngekubali bado kuuita muziki asilia wa Alfie?