Naombeni ushauri: kufuli la pini za kiuno limenishinda wiki ya tatu sasa

KidoleKimya (mleta mada)
Habari za humu ndani wakuu. Nina miezi minane katika hobi ya kuchokonoa makufuli, yaani kuyafungua kwa waya bila ufunguo. Nilianza na kufuli dogo la pini nne za kawaida, siku hizi nalifungua nimefumba macho. Sasa nimepata la pini sita, na baadhi ya pini zake za juu ni zile za usalama, nyembamba katikati kama bobini ya cherehani. Nakaza kidogo kwa waya wa kukazia, napandisha pini moja moja kwa waya wa pili, nasikia tik, kiini (silinda ya ndani inayozungushwa na ufunguo) kinazunguka kama nafasi ya dakika moja kwenye uso wa saa, kisha kinakwama. Nikiongeza nguvu hakisogei. Nikilegeza, zote zinaanguka na naanza upya. Natakiwa niwe nimelifungua kabla ya Jumapili. Nifanyeje?

FundiVitasa
Karibu kwenye mateso, mkuu. Kile kimzunguko kidogo ndicho mtego wenyewe. Kiuno cha pini kimeingia kwenye mpaka kati ya kiini na kasha linalokizunguka, kiini kikapata upenyo wa kusogea, ukadhani umemaliza. Hapo usiongeze nguvu hata chembe. Gusa pini moja moja ukiipandisha polepole. Ile yenye kiuno utaijua kwa sababu kiini kitasukuma kidole chako kirudi nyuma. Wengi hapo wanakaza kwa woga. Wewe kiachie kirudi, lakini usikiachie chote. Ulegeze kama mtu aliyeshika kifaranga: usimbane, asichoropoke. Pini itapita, utasikia tik nyingine, kiini kitasonga mbele kuliko mwanzo. Moja au mbili ulizokwisha kuziweka zinaweza kuanguka. Zirudie, ni kawaida.

MamaWawili
Mimi sijui pini wala kiuno, ila mwaka jana mwanangu wa miaka mitatu alijifungia chumbani na ufunguo ukabaki ndani. Nililia mpaka sauti ikakauka. Jirani akaja na waya mbili, hata dakika kumi hazikufika mlango ukawa wazi. Tangu siku hiyo sitaki kusikia mtu akiwaita watu hawa wezi.

Mwadilifu_07
Dada, pole kwa yaliyokupata, lakini tusidanganyane. Jirani mmoja mwema, na wangapi wanaosoma hapa kimya wakisubiri usiku? Kufundishana kufungua vya watu hadharani si sawa.

MzeeWaFunguo
Mwadilifu, hoja yako ni ya zamani sana na ina heshima yake. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, fundi Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli la kampuni ya Chubb lililosifiwa kuwa halichokonoleki, tena mbele ya mashahidi. Kisha akalikabili la kampuni ya Bramah, lililokaa dirishani mwa duka lao miongo kadhaa likiwa na ahadi ya gini 200 (sarafu ya zamani ya Uingereza) kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa 51 zilizogawanywa katika siku 16, likafunguka. Watu waliuliza swali hili hili lako: kwa nini kuwaonyesha wezi? Jibu ni kwamba mwizi huvunja dirisha, hana subira ya saa 51. Walioshtuka na kuboresha kazi yao ni watengenezaji. Pini za kiuno na za meno (zenye mifereji midogo) zipo leo kwa sababu kuna watu walichokonoa zile za kawaida.

Ila hobi hii ina masharti mawili yasiyojadiliwa. Usichokonoe kufuli lisilo lako. Usichokonoe kufuli linalotumika, hata likiwa lako.

Zuhura_K
Mimi nimekwama kwenye neno moja. Jumapili kuna nini? Kufuli la mazoezi halina tarehe ya mwisho.

KidoleKimya
FundiVitasa asante sana. Hayo ya kiini kurudi nyuma nayajua na nimeyafanya. Pini ya tatu hairudishi kitu, ngumu kama jiwe. Zuhura, Jumapili ni siku niliyojiwekea tu.

Zuhura_K
Kujiwekea tu hakumfanyi mtu aandike "natakiwa". Kufuli la nani?

KidoleKimya
Sawa. Ni la sanduku la marehemu baba. Amefariki miezi miwili iliyopita. Ufunguo anao kaka mkubwa, anakuja Jumapili, na familia imepanga lifunguliwe siku hiyo sote tukiwepo. Kabla hamjanihukumu: sichukui kitu. Nataka kuangalia tu, kisha nilifunge kama lilivyokuwa. Baba ndiye aliyenishikisha kufuli la kwanza, tukakaa barazani analifumua na kunipanga pini kwenye kitambaa cheupe. Kaka hakukaa na baba kama nilivyokaa mimi. Kama kuna neno aliniachia, nataka nilisome mwenyewe kwanza, si mbele ya watu kumi na wawili.

Mwadilifu_07
Nilisema mimi.

BabaPili
Mdogo wangu, nakuelewa kuliko unavyodhani. Sisi tulifungua kabati la mama usiku, mimi na dada yangu, asubuhi tukajifanya hatujui. Mlikuwa na vitenge na picha tu. Lakini miaka sita sasa wadogo zetu hawaamini kwamba mlikuwa na vitenge na picha tu. Hicho ndicho kilichobaki kwetu.

KidoleKimya
Pole kaka. Lakini hali yangu ni tofauti, kwetu hakuna ugomvi. Nimeshafika nusu, siwezi kuacha sasa.

Hakimu_wa_Uzi
Wakuu, mimi naona chai hapa, tena ya moto. Someni juu. Mwanzo "nimepata kufuli", sasa la marehemu. Halafu kitu kimoja mmekipita wote: umejuaje kwamba lina pini sita na baadhi zina kiuno, kama hujawahi kulifungua wala kulifumua? Za juu hazionekani kwa macho. Mtu katunga kisa cha msiba ili afundishwe bila kuulizwa maswali.

Zuhura_K
Hili swali ni zito. Mleta mada jibu.

MamaWawili
Jamani, mtu ametaja kifo cha baba yake. Kama ni kweli, mnajisikiaje?

Hakimu_wa_Uzi
Kama ni kweli nitamwomba radhi hapa hapa. Ajibu kwanza.

KidoleKimya
Baba alinunua mawili yanayofanana, siku moja. La pili lilikuwa la banda la zana, akanipa mimi na ufunguo wake. Nimelifumua mara nyingi. Pini za juu: ya kwanza na ya tano ni za kawaida, ya pili, ya nne na ya sita zina kiuno, ya tatu ina meno, mifereji midogo kama uzi wa skrubu. Hilo pacha nalifungua bila ufunguo mara nne kati ya tano. Si chai.

FundiVitasa
Ngoja hapo. Pacha unalifungua mara nne kati ya tano? Basi swali ulilotuletea si shida yako. Anayepita viuno vitatu na meno kwenye pacha anazijua pini hizi. Pini ya meno inadanganya kwa kutoa tik ndogo nyingi, kila mfereji unanasa mpakani, na ukikaza sana inagoma. Lakini ukilegeza kabisa springi inaisukuma chini. Hii yako unasema ni jiwe. Ukitoa waya wa kukazia, pini ya tatu inacheza?

KidoleKimya
Haichezi.

FundiVitasa
Kuna kitu ndani. Sema.

KidoleKimya
Ncha ya waya wangu ilikatika humo Jumanne iliyopita. Kama milimita tatu. Nilikaza kwa hasira.

Zuhura_K
Ndiyo maana ya Jumapili. Si kwamba unataka kusoma kwanza. Unaogopa kaka ataingiza ufunguo mbele ya watu wote na hautaingia.

KidoleKimya
Vyote viwili. Nilianza kwa la kwanza. Sasa silali kwa la pili.

MzeeWaFunguo
Lile la Chubb nililolitaja, hati yake ya mwaka 1818, lilibuniwa kwa kazi hiyo. Mtu akiinua kipande kupita kiasi, linajifunga, na mwenye nalo akija na ufunguo anajua palichezewa. Lako halikutengenezwa hivyo ila limefika huko huko.

Usiongeze grisi wala mafuta mazito, kipande kitanata. Na mtu yeyote asiingize ufunguo, utakisukuma mpaka mwisho.

FundiVitasa
Hapa nakusaidia, kwa sababu hii ni kulitoa kufuli kwenye madhara, si kulifungua. Ondoa waya wa kukazia kabisa. Inua upande wa sanduku mpaka tundu la ufunguo litazame chini. Mulika uone ncha imelala wapi. Nadhani imeingia kati ya pini ya tatu na ukuta. Chukua waya mwembamba kuliko wa kuchokonolea, ukunje mwisho wake kidogo sana, upitishe pembeni mpaka nyuma ya kipande. Kwa waya wa pili bonyeza pini ya tatu ipande nusu milimita, isibane. Kisha vuta wa kwanza. Usigonge kwa nyundo. Gonga kasha kwa mpini wa bisibisi wa mbao, polepole. Ukiona kimesogea, acha uzito wake ukitoe.

Na kikitoka, usikaze tena. Tafadhali.

BabaPili
Na mpigie kaka yako leo, si Jumapili.

KidoleKimya
Nimerudi. Imechukua saa mbili na dakika kadhaa. Kipande kimeanguka kwenye kiganja changu, chembamba kama ukucha wa mtoto, kimepinda. Nimemulika tundu, pini ya tatu inapanda na kushuka vizuri. Waya wa kukazia nimeurudisha kwenye mkoba. Sijalifungua.

Nimempigia kaka, nimemwambia tangu mwanzo. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Ile ya meno bado iko ya tatu?" Kumbe baba alimpangia pini kwenye kitambaa kile kile, kabla mimi sijazaliwa.

Hakimu_wa_Uzi
Mkuu, niwie radhi. Na pole kwa msiba.

KidoleKimya
Nimepokea. Kaka anasema atakuja Jumamosi usiku, na nilete pacha.