Fielder: joto la mafuta ya giaboksi linasoma -40, gia ya nne haiingii

Dereva_Ruaka
Wadau, hamjambo. Gari ni Fielder NZE121 ya 2004, otomatiki ya gia nne (U340E). Taa ya O/D OFF (ya gia ya juu kuzimwa) inawakawaka na gia ya nne haiingii, hivyo Thika Road kwa kilomita 80 injini inazunguka juu kuliko kawaida. Skana imetoa kodi (namba ya hitilafu) P0713, na joto la mafuta ya giaboksi linasoma -40, gari likiwa baridi au moto. Mafuta ni mekundu, hayanuki kuungua, na kiwango kwenye kijiti kiko sawa. Nimeshauriwa ninunue giaboksi nzima ya mtumba. Kabla sijatoa pesa, nipime nini?

Volti_Tano
Weka pesa mfukoni kwanza. Hiyo -40 si joto. Ni namba ambayo kompyuta huonyesha saketi ikiwa wazi. Sensa ya joto la mafuta ya giaboksi, ukinzani wake hupungua joto likipanda. Kompyuta hupeleka volti 5 na kusoma kiasi kinachobaki kwenye waya wa ishara. Waya ukikatika, volti zinabaki 5 na kompyuta inadhani mafuta yameganda. Hapo ndipo P0713 inapotoka. P0712 ni kinyume: waya umegusa bodi (chuma cha gari), volti zinaanguka karibu na sifuri, na joto linasoma juu kabisa.

Gia ya nne haina kosa lolote hapa. Kompyuta isipojua joto la mafuta, huizuia makusudi ili kulinda giaboksi.

Zima swichi, chomoa plagi kubwa ya nyaya inayoingia kwenye giaboksi. Humo mna nyaya za solenoidi (vali za umeme zinazobadilisha gia) pamoja na mbili za sensa. Tafuta mchoro wa nyaya wa gari hilohilo na uzitambue hizo mbili kwa uhakika, maana za solenoidi hupitisha volti 12 na ukikosea unaweza kuunguza kompyuta. Washa swichi bila kupiga injini. Upande wa gari, waya wa ishara utoe karibu volti 5. Kisha unganisha zile nyaya mbili kwa kipande cha waya huku ukitazama skana. Namba ikiruka kutoka -40 hadi juu kabisa, kompyuta na nyaya hadi hapo ni nzima. Ikibaki -40, kuna mkato kati ya plagi na kompyuta, na hakuna sababu ya kugusa sampu (beseni la mafuta chini ya giaboksi).

Spana_Ngara
Kabla ya multimita (kipima umeme), tazama plagi yenyewe. Kijani kwenye pini ni maji, hasa gari likioshwa injini kwa presha. Ukikuta mafuta mekundu ndani yake, yamepanda kupitia ndani ya waya kutoka kwenye giaboksi. Fuata pia kifungu cha nyaya karibu na betri. Asidi na panya huharibu hapo mara nyingi.

Halafu pima upande wa giaboksi, swichi ikiwa imezimwa. Kwa Toyota hizi, mafuta yakiwa nyuzi 20, tarajia takriban kilo-omu 3 hadi 5. Kwa nyuzi 110 ishuke hadi omu 220–280. Kila pini dhidi ya bodi ya giaboksi: zaidi ya kilo-omu 10. Multimita ikiandika OL (yaani saketi iko wazi) kati ya pini mbili za sensa, mkato uko ndani.

Dereva_Ruaka
Asanteni sana. Nimeunganisha nyaya, namba imeruka juu. Upande wa giaboksi ni OL, na plagi ni safi.

Spana_Ngara
Basi ni sensa au waya wake wa ndani. Iko kwenye vali bodi (kipande chenye vali za mafuta ndani ya giaboksi), unaifikia ukishateremsha sampu, giaboksi haishuki. Mara nyingi huuzwa pamoja na nyaya zake. Ukinunua ya mtumba Kirinyaga Road, nenda na multimita. Nyumbani, itumbukize kwenye maji ya moto pamoja na kipimajoto: ukinzani ushuke taratibu bila kurukaruka hadi omu mia chache. Usikadirie kwamba maji yanayochemka ni nyuzi 100, kwa sababu kwa mwinuko wa Nairobi yanachemka karibu 94 au 95. Ikaushe vizuri kabla ya kuifunga.

Pima mafuta yaliyomwagika na urudishe kiasi hicho hicho cha Type T-IV. Usikubali mafuta ya CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) humo. Weka gasketi mpya, safisha sumaku za sampu, na kaza boliti kwa torki ya kitabu; ni ndogo na huchanika uzi zikilazimishwa. Kiwango cha moto hupimwa mafuta yakiwa nyuzi 70 hadi 80, injini ikiwa imewaka na umepitisha gia zote. Skana sasa itakuonyesha joto hilo.

Volti_Tano
Futa kodi, kisha liache gari lilale usiku kucha. Asubuhi washa swichi tu, linganisha joto la mafuta ya giaboksi, la maji ya injini na la hewa inayoingia. Yote matatu yakaribiane, tofauti isizidi nyuzi 5 hivi. Halafu endesha kama nusu saa: usomaji uwe unapanda bila kukwama. Ukiganda mahali pamoja tangu baridi hadi moto, kodi itakayofuata ni P0711, na hapo sensa uliyofunga ndiyo ya kurudisha.