Inaingia siyo inakubali: nimepigwa laki mbili na themanini kwenye lensi ya kamera Kariakoo mchana kweupe

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, na mke wangu ameshachoka kunisikiliza, kwa hiyo zamu yenu imefika. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi siishi kwa kupiga picha. Kazi yangu ni hesabu, naamka saa kumi alfajiri kuwahi gari kutoka Mbagala, na kamera ndiyo starehe yangu kama wengine walivyo na bia au mpira. Nina Nikon D3300 niliyoinunua kwa mtu miaka minne iliyopita, pamoja na ile lensi ya 18-55mm inayokuja nayo (mm zikiongezeka, inavuta karibu zaidi). Juani haina neno. Ikiingia sebuleni au ukumbini, kilio: ukiivuta mpaka 55 tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), unabaki na giza au picha yenye chengachenga. Nikasoma, nikaelewa kwamba lensi ya 50mm ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya hapo. Binti yangu alikuwa anamaliza chekechea, mahafali yapo kwenye ukumbi wa kanisa wenye taa za kubahatisha. Nikadunduliza tangu Januari.

Nikaingia dukani. Duka silitaji wala mtaa siutaji, maana nawajua watu wa humu, mtu atakuja kusema nimetumwa. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na 50mm mbili za Nikon, zote f/1.8, zote zimetumika. Moja laki tatu na sitini, nyingine laki mbili na themanini. Nikauliza, kama mtu mwenye akili zake, tofauti ni nini.

"Bosi wangu, hizi ni ileile. Hiyo ya juu unalipia upya tu. Hii ni chuma ya zamani, imara zaidi. Tena angalia, imeandikwa AF."

Kweli imeandikwa AF, yaani autofocus, lensi kutafutiwa fokasi (ukali wa picha) bila wewe kuzungusha. Nikauliza, "Kwenye D3300 inakubali?" Akajibu, "Inaingia bosi." Akaichukua kamera yangu, akaifunga, ka! Imeingia. Skrini ya kamera ikaandika FEE, alama ya kosa, kamera ikagoma kupiga. Hakushtuka hata kidogo. Akazungusha pete ya lensi mpaka kwenye 22 ya rangi ya machungwa, akaibana kwa kale kakufuli pembeni, FEE ikapotea. "Unaona? Imekubali." Nikachungulia, nikaelekeza kwenye mabango ya duka la ng'ambo, kidoa cha kijani kikawaka, picha ikatoka kali. Nikalipa. Risiti ya mkono, na muhuri: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hiki ndicho nilikuja kukijua siku tatu baadaye, usiku wa manane, huku machozi yakinilengalenga. Nikon wametumia mdomo uleule wa kufungia lensi tangu mwaka 1959. Ndiyo maana karibu kila lensi ya Nikon utakayookota kwenye kabati "inaingia" kwenye hizi kamera za DSLR, zenye kioo kinachoruka ndani ukibonyeza. Lakini lensi za zamani za AF na AF-D hazina mota ndani. Zinategemea mota ya bodi (kamera yenyewe bila lensi), inayozungusha lensi kwa kijiti kama ncha ya bisibisi bapa kilichochomoza pembeni ya mdomo wa kamera. Kamera ya Nikon D90 inacho. D7000 inacho. D3300 haina, wala ndugu zake wote wa D3000 na D5000. Ukifunga AF-D humo inapiga picha, inapima mwanga, ila fokasi unazungusha kwa mkono kama unatafuta stesheni kwenye redio ya babu. Ile ya laki tatu na sitini ilikuwa AF-S, yenye mota yake ndani. Herufi moja, wakuu. S moja ndiyo ilikuwa tofauti ya elfu themanini, na yule bwana anaijua, maana anaishi kwa kuuza vitu hivi.

Na kale kadoa ka kijani? Kanawaka popote pale fokasi inapokuwa imeangukia sawa, hata kama umeizungusha mwenyewe. Alipokuwa akinikabidhi kamera vidole vyake vilikuwa kwenye pete ya lensi. Nimekaa nikaikumbuka ile picha kichwani mara hamsini.

Mahafali yakafika. Mtoto wa miaka sita aliyevaa joho hasimami akusubiri uzungushe. Nikazungusha, akahama. Nikarudisha, akaruka. Nimepiga picha mia mbili na kitu. Maputo ya ukutani yamekaa makali kama wembe, binti yangu moshi. Halafu kingine ambacho hakusema: kwenye kamera yenye sensa ndogo (kile kinachonasa picha) kama yangu, 50mm inabana kama 75mm kwenye sensa kubwa, na yeye alinihakikishia "ukumbi mzima unaingia." Nilirudi nyuma mpaka nikakanyaga sufuria ya pilau. Mke wangu akaangalia zile picha usiku, akasema polepole, "Hata simu yangu ingetosha." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Jumatatu nikarudi dukani. Mnajua alichonijibu?

"Kaka, si uliniuliza nikakwambia inaingia? Haijaingia?"

Niliishiwa maneno. Nikamwambia kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mlaji. Akanionyesha muhuri kwenye risiti. Nikamwomba basi nibadilishe na ile AF-S, niongeze themanini. Akasema hii yangu anaichukua kwa laki na ishirini kwa sababu "hizi hazitembei." Hazitembei! Siku tano nyuma ilikuwa chuma!

Na kabla hamjaniambia ningeuliza kwanza: niliuliza. Jamaa yangu mmoja anatumia Canon, akaniambia kama imeandikwa AF nunua. Simlaumu. Canon tangu walipoleta EF mwaka 1987 mota iko ndani ya lensi, kwa hiyo mtego huu yeye hajawahi kuukanyaga. Niliuliza pia kwenye kundi moja la wapiga picha, nikataja bajeti yangu na bodi yangu. Majibu kumi na saba. Kumi na tano yananiambia niuze takataka hiyo nihamie "full frame", zile kamera za sensa kubwa. Moja stika ya kicheko. Moja mtu anauza stendi. Yaani mtu kauliza kiatu cha namba 40, unamjibu akate miguu.

Wala siko peke yangu. Fundi niliyempelekea akanicheka, akanionyesha bodi ya D90 ya mteja aliyepigwa kinyume changu: kauziwa lensi ya 18-55 mpya ya AF-P, yenye mota ya aina ambayo kamera ya zamani haiielewi, inaingia vizuri kabisa, ila kwenye D90 haipati fokasi kabisa, hata kwa mkono haizunguki. Bodi nzima, lensi nzima, pamoja ni maiti. Na fundi huyohuyo akamulika lensi yangu kwa tochi ya simu kutokea nyuma, akaniita nichungulie. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui kwenye ukingo wa kioo. Fangasi. Kwa unyevu huu wetu wa pwani, lensi ikikaa mwaka mzima kabatini kwenye mfuko wa ngozi, ndiyo malipo yake. Kusafisha elfu arobaini, na akasema wazi kwamba palipoliwa rangi ya juu ya kioo hapatarudi.

Hata tochi sikuwasha dukani. Hilo ni kosa langu, nalibeba.

Sasa niko hivi: nina chuma yenye fangasi, nimeanza kujifunza kuzungusha kwa mkono, paka wa jirani akilala nampata vizuri sana. Mwenye AF-S 35mm f/1.8 au AF-S 50mm f/1.8G anayetaka kuiuza, yuko Dar, aje inbox. Nitakuja na bodi yangu, tochi yangu, na mtoto wa kukimbiakimbia mbele ya lensi. Bei tutaelewana. Ila ukianza na "inaingia," nakata simu.