Naombeni ushauri: dai ya shingo au ya ganda zima kwa 416?

Msafiri Mpole:
Wakuu, habari zenu. Nina bunduki ya kuwindia nyati, ya kipenyo 416, na nimeanza kujaza risasi mwenyewe badala ya kununua za boksi. Swali langu ni moja: nitumie dai (kile chombo cha chuma kinachofungwa kwenye mashine ya presi kulirudishia umbo ganda lililopigwa) ya kubana shingo peke yake, au ile ya kubana ganda zima? Nimesoma huku na huku, kila mtu ana lake. Halafu kati ya kampuni za RCBS, Redding na Lee, dai ya ipi inadumu? Maganda yangu ni ya mkanda, ile pete nene juu ya kitako, yote yamepigwa mara moja kwenye bunduki hiyohiyo. Jibu fupi linatosha, safari imekaribia na usingizi umeanza kukata.

Usiulize:
Nimeona "dai" nikajua kuna mtu hajalipwa. Napita tu.

Mzee Kichuguu:
Redding. Ninayo tangu nikiwa na nywele. Lee nayo inafanya kazi, wanaoicheka waache. Ila kinachoua dai si jina, ni kubana ganda kavu. Nilipoanza, nilisukuma ganda la 458 bila kulipaka nta. Likang'ang'ania. Kulivuta, presi ikanyofoa ukingo wa kitako, ganda likabaki humo kama kizibo. Nilitoboa kitako, nikakichonga uzi wa skrubu, nikaingiza boliti na kulivuta kidogo kidogo. Jumapili yangu yote ilikwenda hivyo. Mke wangu alidhani natengeneza pikipiki, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

BintiChui:
Msafiri, kwa shabaha za karatasi bana shingo, hakuna atakayekudhuru. Kwa mnyama anayeweza kukugeukia, bana ganda zima kila mara. Ganda linalobanwa shingo tu linazidi kutanuka kila likipigwa, na siku moja boliti inagoma kufunga. Siku hiyo haitakuwa ukiwa uwanjani na kikombe cha chai.

Kwa kuwa ni ya mkanda, usiishushe dai mpaka mwisho. Irekebishe isukume bega, pale ganda linapopungua kuingia shingoni, nyuma kiasi cha milimita 0.05 tu. Ukilisukuma sana, ganda linajivuta kila pigo mbele kidogo ya mkanda, na ndipo litakapokatikia. Halafu kunja mdomo wa ganda kwenye mfereji wa kichwa cha risasi, maana kila unapopiga, risasi zilizobaki kwenye magazini zinagonga ukuta na vichwa vyake vinahama.

Sasa na mimi nikuulize. 416 ipi?

Msafiri Mpole:
Asante dada. 416 ya kawaida. Dai ninazo tayari, ni za Rigby, nilizipata kwa mtu aliyeacha kuwinda. Na niseme ukweli, ni nzuri mno: ganda linaingia laini kabisa, nta sijagusa. Ndiyo maana naelemea upande wa shingo tu. Mwili sioni haja ya kuusumbua.

Mja wa Leo:
Mtu anamfuata nyati na risasi alizojipikia jikoni. Nunua za boksi, ndugu. Na kibali cha kujaza unacho? Kuna nchi hata kopo moja la baruti huruhusiwi kukaa nalo bila karatasi. Watu wanauliza rangi ya dai, hawaulizi sheria.

Msafiri Mpole:
Kibali ninacho, mkuu. Sikuuliza hilo.

Kitako Baridi:
Wakuu, uzi huu umetungwa. 416 Rigby ipo tangu 1911 na haijawahi kuwa na mkanda hata siku moja. Mtu aliyeshika ganda lake mkononi hawezi kukosea hilo. Halafu ganda nene namna ile liingie kwenye dai ya ganda zima bila nta, tena laini? Muulizeni Mzee Kichuguu na Jumapili yake. Huyu amekaa na simu anatupima akili.

Usiulize:
Nimerudi. Nimekuja na kigoda.

Mzee Kichuguu:
Mwaka jana tulikuwa na yule wa 505 Gibbs, mnamkumbuka? Tulimshauri wiki mbili. Tulipoomba picha ya risasi akatuma chupa ya chai.

Msafiri Mpole:
Mimi si mtunzi wa hadithi. Mkanda upo, nauona kwa macho yangu na naupapasa kwa kidole. Kama hamtaki kusaidia semeni.

BintiChui:
Hajatunga. Heri angekuwa ametunga. Msafiri, geuza ganda, soma maandishi ya kitakoni, herufi kwa herufi. Na kishikio cha ganda unachotumia kwenye presi umekitoa wapi?

Msafiri Mpole:
Kimeandikwa 416 REM MAG. Kishikio kilichokuja na dai kilikuwa kikubwa, ganda lilicheza ndani yake, nikaazima cha rafiki yangu mwenye 375 H&H. Kikakaa sawasawa. Lakini kichwa cha risasi ni kilekile, 416 ni 416. Nimeshaamua kubana shingo, kwa hiyo mwili unanihusu nini?

BintiChui:
Unakuhusu sana. Una Remington Magnum, iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1980 na ni ukoo wa 375 H&H, ndiyo maana kishikio cha rafiki yako kilikubali. Rigby ni ganda jingine kabisa: chini lina unene wa karibu milimita 15, lako lina 13 juu ya mkanda. Dai yako haikuwa nzuri, kaka. Ilikuwa hailigusi ganda! Linaingia laini kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake. Kilichobanwa ni kipande cha shingo, tena kwa bahati, kwa sababu vichwa ni vya kipenyo kimoja na urefu wa maganda unapishana kwa milimita moja na kidogo.

Ipo pia ya Weatherby, nayo ina mkanda lakini ni nene. 416 tatu, dai tatu tofauti. Hata RCBS na Redding wakikuandikia 416 kwenye boksi, soma neno linalofuata.

Kitako Baridi:
Basi naomba radhi. Nusu. Nusu nyingine nangoja, maana kuna swali hamjauliza. Jedwali la baruti alitumia lipi?

Msafiri Mpole:
Lilikuja pamoja na dai, karatasi ya Rigby. Lakini nilichukua kipimo cha mwanzo wa jedwali, si cha mwisho. Nimejaza 12. Baruti ilifika shingoni, kichwa kikaikandamiza kidogo, nikajua ganda limejaa vizuri.

Mzee Kichuguu:
Ee Mola.

BintiChui:
Msafiri, usipige hata moja. Tumbo la Rigby ni kubwa kuliko la Remington kwa mbali. Lilibuniwa litumie baruti za kodaiti kwenye nchi za joto kali, likapewa nafasi kubwa makusudi ili mgandamizo uwe mdogo. Kipimo hicho ukikitia kwenye ganda dogo, mgandamizo unapanda na hakuna dai itakayokusaidia. "Mwanzo wa jedwali" ni mwanzo wa jedwali la mwingine.

Msafiri Mpole:
Nilikuwa nawaza niifunge bunduki kwenye tairi nivute kwa kamba, nione. Baruti ni ghali, wakuu.

Kitako Baridi:
Ukivuta kamba utaona nini? Ikikubali, utasema ni salama. Ikikataa, huna bunduki. Zifumue.

Mja wa Leo:
Za boksi. Nilisema.

Usiulize:
Kwani hizo dai za Rigby unaziuza?

Msafiri Mpole:
Haya, nimezifumua jana usiku kwa ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa. Vichwa 11 viko salama, baruti sikuirudisha kwenye kopo. Dai za Remington za ganda zima nimeagiza, na jedwali lake. Nta nimenunua. Naona uzi ufungwe.

Kitako Baridi:
11? Ulisema 12.

BintiChui:
Msafiri?

Msafiri Mpole:
Ya 12 niliipiga siku moja kabla sijafungua uzi. Boliti niliifungua kwa kuigonga na nyundo ya mbao. Fataki, ile ya kitakoni inayowasha baruti, ilikuwa bapa kama sarafu, na tundu lake limelegea, inatoka kwa kidole. Nilidhani ni shauri la kubana shingo badala ya ganda zima. Ndiyo maana niliuliza vile.

BintiChui:
Bunduki iende kwa fundi aipime chemba na boliti kabla haijaingia risasi nyingine, hata ya boksi. Na hilo ganda usilitupe, mpelekee pamoja nayo.