Naomba ushauri: asili ya neno "morze" la Kipolandi, na namna ya kutolichanganya na "może"

Mgeni_wa_Gdańsk:
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Ninajifunza Kipolandi hapa Gdańsk, mji wa bandari kwenye Bahari ya Baltiki. Wiki hii nimerudishiwa daftari la imla ambamo niliandika "Jadę nad może", nikiamini nimesema kwamba ninakwenda baharini, na mwalimu amelizungushia neno la mwisho wino mwekundu. Kumbe bahari ni "morze", na hilo nililoandika mimi maana yake ni "labda" au "anaweza". Maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa kabisa, kwa ile sauti inayokaribia "sh" lakini yenye mtetemo wa koo, kwa hiyo sikio halinisaidii hata kidogo. Mwenzangu darasani anashikilia kwamba "morze" limekopwa kutoka "mare" la Kilatini. Je, ni kweli? Na nifanyeje ili nisirudie kosa hili?

Mpenda_Isimu:
Marahaba, mdogo wangu. Mwenzako ameuona udugu, ila amemfanya ndugu kuwa mzazi. "Morze" halikukopwa kutoka Kilatini. Lenyewe na "mare", pamoja na "Meer" la Kijerumani, "môr" la Kiwelishi na "more" la Kirusi, yote yametokana na lugha mama moja iliyosemwa maelfu ya miaka iliyopita, ambayo haikuacha maandishi na ambayo wanaisimu huijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa nayo. Maana nayo haikutulia mahali pamoja: "meer" la Kiholanzi ni ziwa, na "marios" la Kilituanya hutumika hata kwa wangwa mkubwa uliotengwa na bahari kwa ukanda wa mchanga.

Kuhusu tahajia, hapo zamani "r" ya neno hili ilifuatwa na sauti laini ya "y", ikalainika. Wacheki, ambao huandika "moře", bado huitamka kwa namna ambayo mtetemo wa "r" unasikika ndani yake, ilhali Wapolandi wameuacha mtetemo huo mdomoni na kuubakiza kwenye maandishi. Jambo hili lisikushangaze, kwa kuwa hata kwetu anayepika ni mpishi na anayelinda ni mlinzi: konsonanti imegeuzwa na irabu inayoifuata.

Mama_Wawili:
Mwanangu, mimi nimeishi Poland na nimewasaidia wanangu kazi za shule, kwa hiyo nakupa kanuni wanayofundishwa watoto wa huko. Ukisita, mtafute ndugu wa neno. Kivumishi cha "morze" ni "morski", yaani "-a bahari", na humo "r" inasikika waziwazi. Basi andika "rz". Ndugu wa "może" ni "mogę", yaani "ninaweza", na humo kuna "g". Basi andika "ż". Andika jozi hizo mbili kwenye jalada la ndani la daftari lako.

Tena unaishi ndani ya neno lenyewe, kwa sababu Gdańsk ni mji mkuu wa mkoa wa Pomorze, jina lililoundwa kwa "po" na "morze", yaani nchi iliyo kando ya bahari, kama vile sisi tulivyo na Mkoa wa Pwani. Zingatia pia kwamba "nad morze" ni kwenda ufukweni, na "nad morzem" ni kuwapo tayari ufukweni. Kwetu "baharini" hubeba yote mawili, na ndiyo maana wengi wetu hujikwaa hapo.

Mgeni_wa_Gdańsk:
Ahsanteni sana. Mama, nimeijaribu kanuni yako kwa "brzeg", yaani ukingo wa maji, na kwa "rzeka", yaani mto, lakini sijapata ndugu mwenye "r".

Mama_Wawili:
Kwa "brzeg" tumia kanuni nyingine: baada ya "b", kama ilivyo baada ya "p", "d", "t", "k", "g" na nyinginezo chache, kwa kawaida huandikwa "rz". "Rzeka" halina jamaa wa karibu mwenye "r" ndani ya Kipolandi. Hilo watoto hulikariri tu.

Mpenda_Isimu:
Jamaa yupo kwa majirani: Warusi huuita mto "reka".