Naomba ushauri: nampeleka bimkubwa Umbria, Italia, mwezi wa tano. Tukae mji gani, na sherehe ipi tusiikose?

Binti_wa_Kibosho

Habari za muda huu wanajukwaa. Hodi humu ndani.

Mama yangu ni Mfransisko wa Utawa wa Tatu (walei wanaomfuata Mtakatifu Fransisko) tangu mimi sijazaliwa, na jambo analoliombea miaka yote ni kufika Assisi kwenye kaburi la Mtakatifu Fransisko. Mwakani, Mungu akijalia, nampeleka. Tutatua Roma, tuna kama wiki mbili za mwezi wa tano, na Roma nataka tuipe siku chache tu. Muda wote unaobaki ni wa Umbria, mkoa ambako Assisi ipo.

Sasa kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyochanganyikiwa. Perugia, Gubbio, Spoleto, Orvieto, Spello, kila mji una kanisa la karne na karne, na kila mji una sherehe yake. Mwezi wa tano peke yake kuna Calendimaggio ya Assisi, mashindano ya nyimbo na maandamano, siku za mwanzo, kuna Ceri za Gubbio, mbio za minara ya mbao, tarehe 15, kuna Mtakatifu Rita kule Cascia tarehe 22. Natamani vyote. Ila mama umri umeenda na magoti yanamsumbua. Ngazi chache anapanda taratibu, mlima hapana, na naambiwa miji yote ya huko ipo juu ya vilima.

Naombeni mnisaidie: tufanye mji gani kituo chetu? Tukodi gari au treni zinatosha? Na hizo Ceri, mtu mzima anaweza kuziona bila kuumia? Bajeti yetu ni ya kawaida, siyo ya hoteli kubwa.

Natanguliza shukrani.

---

Msafiri_wa_Reli

Dada, hongera kwa kumkumbuka mama. Nimekaa Perugia nikijifunza Kiitaliano pale chuo cha wageni (Università per Stranieri, kipo tangu 1921, na mapadre na masista wa Kiafrika utakutana nao pale), kwa hiyo mkoa huo naufahamu.

Kituo kiwe Foligno. Watalii wengi wanaupita tu, lakini mji wenyewe upo bondeni, tambarare, mama atatembea jioni bila kupanda kitu. La pili ni kwamba Foligno ndiyo njia panda ya reli. Treni ya Roma inapita hapo, na kutoka hapo unakwenda Spello, Assisi na Perugia kwa njia moja, Spoleto kwa njia nyingine. Spello ni mwendo wa dakika chache, Assisi kama robo saa. Vyumba navyo bei yake ni nafuu kuliko Assisi.

Kuhusu vilima usiogope sana. Wenyeji wa Umbria wamezeeka kwenye vilima hivyo, na miji yao imetafuta dawa. Perugia ina treni ndogo iitwayo Minimetrò tangu 2008, inawatoa bondeni hadi karibu na katikati ya mji. Tena kuna ngazi za umeme zinazopita ndani ya Rocca Paolina, na hapo naomba msipite haraka. Mwaka 1540 Perugia iliasi kodi ya chumvi ya Papa Paulo III. Papa alishinda, akajenga ngome juu ya nyumba za familia ya Baglioni iliyokuwa ikiutawala mji. Ngome ya juu ilibomolewa baadaye, lakini mitaa ya zamani iliyofunikwa ipo mpaka leo chini ya ardhi. Unasimama kwenye ngazi ya umeme, inakupandisha, halafu ghafla upo kwenye uchochoro wa enzi za kati, milango ya nyumba ipo, madirisha yapo, ila badala ya anga kuna dari la matofali. Mama atauona mtaa mzima bila kuchoka.

Ukitokea juu, nenda uwanja wa kanisa kuu ukaione Fontana Maggiore, chemchemi ya Nicola Pisano na mwanawe Giovanni, ya miaka ya 1275 hadi 1278. Zungukeni taratibu mtazame mawe ya chini: kila mwezi wa mwaka umechongewa kazi zake za shambani. Mama kama ni mtu wa kilimo atazitambua bila mkalimani.

---

Mama_Neema

Shikamooni wakubwa. Binti, Msafiri wa Reli amesema vizuri kuhusu usafiri, lakini mimi nitampinga kwenye kulala. Mama yako anakwenda kuhiji, basi alale Assisi, walau siku tatu nne za mwanzo. Mabasi ya watalii yanafika asubuhi na yanaondoka jioni. Yakishaondoka, mji unabaki na watu wake na wanaosali. Basilika ya Mtakatifu Fransisko ina kanisa la juu na kanisa la chini, na kaburi lake lipo chini kabisa, chini ya hilo la chini. Mtu aliyelisubiri maisha yake yote asiende kulisukumania saa tano za mchana. Ukilala mjini unaamka alfajiri, unaingia mapema, unapata benchi, unakaa.

Tafuteni nyumba za wageni za masista. Ni safi, bei ni ya kibinadamu, na nyingine zina kanisa humo humo. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kama kuna lifti, na mlango unafungwa saa ngapi usiku, maana nyingi zina saa ya kufunga.

Halafu hii ya magoti isikilize vizuri. Stesheni ya treni ya Assisi haipo mjini, ipo bondeni kwenye mtaa wa Santa Maria degli Angeli. Basi la mji linapanda mpaka Piazza Matteotti, juu kabisa. Wengi wanashuka kwenye kituo cha chini karibu na basilika, kisha wanaanza kupanda. Nyinyi fanyeni kinyume, pandeni na basi hadi juu, halafu mteremke. Mtaanza na kanisa kuu la San Rufino, ambako Fransisko na mfuasi wake Mtakatifu Klara walibatizwa, na birika la ubatizo lipo. Mtashuka uwanja wa Comune wenye hekalu la Kirumi la Minerva lililogeuzwa kanisa, mtachepuka kanisa la Santa Klara kuuona msalaba wa San Damiano, ule unaosimuliwa kuwa ulimsemesha Fransisko, mtamalizia kwenye basilika. Kuna mteremko mkali hapa na pale, mkongojo uwepo, ila hakuna mlima wa kupanda.

Basilika ilianza kujengwa 1228, miaka miwili tu baada ya Fransisko kufariki. Kwenye kanisa la juu mwonyeshe mama dari. Tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko liliangusha sehemu ya dari hilo na watu wanne walikufa humo ndani. Michoro ilivunjika vipandevipande, na mafundi wakakaa kuviokota na kuviunga kimoja kimoja. Ukijua hayo unaitazama ile michoro ya maisha ya Fransisko kwa jicho jingine.

Na siku ya kuondoka, kabla ya kupanda treni, msiiache Porziuncola kule bondeni. Ni kikanisa kidogo cha mawe kilichofunikwa na kanisa kubwa juu yake. Ndipo Fransisko alipoanzia na wenzake, na karibu na hapo ndipo alipofia.

---

Dereva_Makini

Kuhusu gari, kwa safari yenu sioni haja. Katikati ya karibu kila mji wa kale Italia kuna eneo la ZTL, yaani magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia saa fulani, na kamera inasoma namba. Faini inafuata baadaye kupitia kampuni iliyokukodisha gari. Isitoshe, leseni ya kwetu pale lazima iambatane na leseni ya kimataifa. Gari lina faida mkitaka kwenda kijiji cha Castelluccio kuona maua ya mashamba ya dengu, lakini hayo hushamiri zaidi mwezi wa sita na kuendelea.

Tiketi ya treni ya karatasi mkinunua stesheni, ipigeni muhuri kwenye kile kimashine kabla ya kupanda. Mkaguzi hana msamaha wa mgeni.

---

Mpenda_Ngoma

Naona kila mtu amekwepa swali la Gubbio. Nilikuwepo tarehe 15 Mei na ningemtaka kila mtu aione, kwa hiyo niseme yote.

Ceri ni minara mitatu ya mbao, kila mmoja una uzito wa karibu kilo 300, na juu yake inasimama sanamu ya mtakatifu: Ubaldo wa waashi, Giorgio wa wafanyabiashara, Antonio wa wakulima. Wabebaji wanavaa suruali nyeupe, mkanda mwekundu, na shati la rangi ya mtakatifu wao: njano, buluu au nyeusi. Ni mkesha wa sikukuu ya Ubaldo, askofu wao aliyefariki 1160. Minara hiyo mitatu ndiyo iliyochorwa kwenye bendera ya mkoa mzima wa Umbria, ujue uzito wa jambo lenyewe.

Saa sita mchana inasimamishwa Piazza Grande. Kiongozi wa kila mnara anapanda na mtungi wa kauri, anamwaga maji kwenye mbao, halafu anaurusha mtungi juu kwa nguvu. Unapasukia katikati ya umati na watu wanagombania vigae, kwa sababu kupata kigae ni baraka. Saa kumi na mbili jioni wanaanza kukimbia. Wanakimbia na mzigo ule mabegani, wakibadilishana bila kusimama, mitaani kwanza, kisha mlima Ingino mpaka basilika ya Ubaldo kule juu.

Wageni wengi wanauliza nani ameshinda. Hakuna anayempita mwenzake. Ubaldo ni wa kwanza daima, Giorgio wa pili, Antonio wa tatu. Kinachoshindaniwa ni kukimbia vizuri: mnara usiyumbe, usianguke, usiachwe nyuma. Na kule juu wa Ubaldo hujitahidi kuufunga mlango wa basilika kabla Giorgio hajaingia. Nilimwona mzee mmoja pembezoni mwa njia, mnara wa Antonio ulipopita alinyoosha mkono akagusa bega la kijana aliyebeba, akalia waziwazi. Hawaigizi kwa ajili ya watalii. Ungekuwepo wewe au usingekuwepo, wangekimbia vilevile.

Kwa mama: uwanjani saa sita hapana kabisa, na wala si kwenye mitaa myembamba jioni. Umati unasukuma na hakuna pa kukaa. Ama mtafute mapema sana nafasi kwenye dirisha au roshani ya mwenyeji, ama muende Gubbio siku nyingine. Minara huhifadhiwa ndani ya basilika ya Ubaldo karibu mwaka mzima, isipokuwa siku za mwanzo wa Mei inapoteremshwa mjini, na kuna kiberenge cha kamba kinachopanda mlimani, ingawa ni kikapu cha kusimama na unapanda kikiwa kinatembea, kwa hiyo mama apime. Mjini kuna lifti za kuelekea Piazza Grande, na ndani ya Palazzo dei Consoli kuna vibao saba vya shaba vyenye maandishi ya lugha ya kale ya Kiumbria. Treni haifiki Gubbio, mtatumia basi kutoka Perugia.

Kwake yeye Calendimaggio ni bora. Ni mji wa juu na mji wa chini, Parte de Sopra na Parte de Sotto, wanaoshindana kwa kwaya, maandamano na michezo ya enzi za kati, na mavazi wanayashona wenyewe. Uwanjani kuna viti vya tiketi. Anakaa, anatazama, anasikia nyimbo.

---

Mswahili_Muscat

Mie naingilia kidogo. Nasi tunafikiria kwenda huko na familia, ila nasikia Umbria ni nguruwe mtindo mmoja. Sie tutakula nini?

---

Msafiri_wa_Reli

Sheikh, ni kweli. Mji wa Norcia umesifika kwa kazi hiyo hadi wachinjaji wa nguruwe Italia nzima wanaitwa norcino. Lakini hamtalala njaa. Kuna tambi nene za strangozzi kwa tartufo, uyoga unaochimbwa chini ya ardhi, kuna dengu za Castelluccio, na ukifika ziwa Trasimeno kuna samaki wanaopikwa kwenye chungu. Ulizeni kila mara neno moja, *strutto*, ni mafuta ya nguruwe, wengine wanayatia hata kwenye mkate wa torta al testo. Mkate wao wa kawaida hauna chumvi. Wenyeji wanakuambia ni tangu ile kodi ya Papa.

---

Karani_wa_Viza

Dada Binti, viza ya Schengen unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na msisubiri wiki za mwisho. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Kwa kuwa wewe ndiye unayemlipia mama, weka barua ya udhamini, taarifa yako ya benki, na cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha jina lake. Booking za hoteli ziwe za kuweza kufuta.

---

Binti_wa_Kibosho

Mungu awabariki. Nimemsomea mama yote jana usiku. Tumekubaliana tufike mapema mwezi wa tano, tulale Assisi kwa masista kipindi cha Calendimaggio, halafu tuhamie Foligno, na kutoka hapo tutazame Spello, Spoleto na Perugia. Gubbio tutaenda siku ya kawaida, na mimi nimeukubali uamuzi huo kwa moyo mweupe.

Limebaki moja. Mama anauliza Cascia kwa Mtakatifu Rita. Je, twende tarehe 22 yenyewe?

---

Mama_Neema

Tarehe 22 ndiyo siku ya kubariki mawaridi, na ni nzuri mno, watu wanainua maua juu uwanja mzima unakuwa mwekundu. Lakini mnasimama muda mrefu na mji ni mdogo. Kwa magoti yale nendeni siku moja mbili kabla, mji unakuwa tayari katika sikukuu na nafasi ya kusali mbele ya mwili wake inapatikana. Basi la Cascia mtapandia Spoleto. Njia ni ya milimani yenye kona nyingi, mama akae mbele, na aangalie asile sana kabla. Ratiba ya Jumapili huwa na mabasi machache, kwa hiyo chagueni siku ya kazi, na mkifika tu ulizeni basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi.