Nataka Outlander ya kuchaji kwa familia, niko Fuoni, Unguja. Ninunue?

MtuWaFuoni
Assalaam alaykum jamaa. Gari yangu, Toyota Spacio, imeshachoka, na mie nimeshachoka nayo. Dalali amenionesha Mitsubishi Outlander PHEV ya 2014 iliyotoka Japani, ile inayochajiwa kwenye soketi na ina injini ya petroli ya lita mbili. Imetembea chini ya kilomita 80,000, bodi safi, ndani kama mpya. Nakaa Fuoni, kazi yangu Malindi, njiani namshusha mke na watoto wetu watatu skuli Kiembesamaki. Wikiendi tunamchukua mama tunakwenda Makunduchi. Umeme wa nyumbani ni Tukuza, ule wa kununua uniti kabla, mita moja na kaka yangu anayekaa upande wa pili. Dalali anasema petroli nitaisahau kabisa. Nikitoa pesa hii sina nyengine. Nipeni ushauri.

Kibarazani
Petroli utaisahau siku utakayoiuza hiyo gari.

FundiUmemeAmani
Wa alaykum salaam. Anza na nyumba, gari baadaye. Hapo inapolala gari kuna soketi yenye waya wa ethi? Kama hakuna na huwezi kuweka, achana nayo, maana bila kuchaji kila usiku utakuwa unabeba betri kuukuu kwa petroli.

Betri ya hiyo ilikuwa kWh 12, yaani uniti 12, ilipokuwa mpya, na gari haikuachii kuitumia yote. Kuijaza kutoka chini kabisa, mita itakula kama uniti 10, na utapata kilomita 30 hadi 40 ikiwa betri bado nzima na hukanyagi sana. Kiyoyozi kinapunguza. Basi chukua bei yako ya uniti uizidishe mara 10, kisha chukua bei ya petroli ya mwezi huu iliyotangazwa na ZURA, mamlaka ya nishati ya Zanzibar, uizidishe mara 3, kwa sababu Spacio inakunywa kama lita tatu kwa masafa hayo. Tofauti yake ndiyo faida yako ya siku, hakuna muujiza mwengine. Malindi kwenda na kurudi inaingia humo. Makunduchi haiingii, betri itakwisha njiani na injini itavuta gari ya karibu kilo 1,800.

Kuchaji kwa ampea 10 ni saa tano hivi. Ekstensheni ya dukani itayeyuka, nimeshaitwa kwenye nyumba za namna hiyo. Vuta waya wa milimita mraba 4 kutoka kwenye swichi kuu, uwe na breka yake peke yake. Halafu waya wa kuchajia wa Kijapani ni wa volti 200 na plagi yake si yetu. Asije mtu akaukata kichwa akakufungia plagi ya pini tatu! Nunua wa volti 230 wenye kichwa cha pini tano kama cha gari yako. Outlander zilizouzwa Uingereza miaka hiyo zilitumia kichwa hicho hicho.

BiMkubwaBububu
Mwanangu, kabla ya huo waya kaa na kaka yako mzungumze. Uniti 10 kila usiku kwenye mita ya pamoja, mwezi wa pili mtakuwa mnasalimiana kwa mbali. Omba ZECO, shirika la umeme, mita yako mwenyewe, au angalau weka mita ndogo upande wako kila mtu ajue anachotumia.

MpembaWaWete
Mie n'nayo ya 2015. Raha yake ni vilima: ukiteremka unavuta kile kipini cha nyuma ya usukani mpaka B5, daraja la kuzuia sana, gari inajizuia yenyewe na umeme unarudi kwenye betri. Breki haziliki upesi. Karaha yake, ile betri ndogo ya volti 12 ikifa gari haiwaki hata kubwa ikiwa imejaa. Na fundi wa kuisoma kompyuta yake huku sijampata. Ikinisumbua naipeleka Mkoani, naipandisha meli, naileta huko kwenu.

Hizo kilomita 80,000 usizitazame sana. Tafuta kifaa kidogo cha OBD cha blututhi, kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari, weka programu ya PHEV Watchdog kwenye simu, usome Ah (ampea-saa, yaani uwezo wa kubeba chaji) ya betri kubwa. Mpya ilikuwa 40. Ikiwa chini ya 28, apunguze bei hasa au uondoke. Gari inaweza kuwa na kilomita chache na betri imechoka kwa kuwekwa juani imejaa chaji.

Kibarazani
Na umeme ukikatika?

MpembaWaWete
Unatia petroli unakwenda. Lile giza la Unguja la Disemba 2009 hadi Machi 2010, ya umeme mtupu ingelilala miezi mitatu. Ila usidanganywe na soketi iliyo nyuma ndani ya gari kwamba itaendesha friji. Inatoa wati 1,500 kweli, lakini kwa volti 100 za Japani, na friji zetu ni za 230.

MtuWaFuoni
Ahsanteni sana. Dalali hataki nichomeke kifaa, anasema kitaharibu kompyuta ya gari.

FundiUmemeAmani
Kifaa kinasoma tu. Anayekataa anajua kitakachosomeka. Mtake na karatasi ya mnada ya Japani, ukiona daraja ni R au RA basi ilishagongwa ikatengenezwa. Kisha lala chini uitazame. Gari za Hokkaido zinapita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi wakati wa theluji, na kutu hiyo ikikutana na hewa yetu ya bahari haina dawa. Nyaya za rangi ya chungwa, za umeme mkubwa wa gari, zisiwe zimechubuka.

UmmuWatatu
Samahani, mnahesabu volti, watu hamjawahesabu. Baba, mama, watoto watatu na bibi ni sita. Outlander ya petroli tupu ndiyo yenye viti saba. Hiyo ya kuchaji ya miaka hiyo ni vitano, mota ya nyuma imechukua nafasi. Bibi mtampakata?

MtuWaFuoni
Dalali aliniambia saba! Nimemtaka picha sasa hivi, ni vitano kweli. Basi dada, nyinyi mnatumia gari gani?

UmmuWatatu
Toyota Sienta haibridi ya 2016, ina injini ya petroli na mota ya umeme. Haichajiwi, kwa hivyo kaka yako atalala salama. Viti saba, mlango wa kusukuma, na iko chini, mama mkwe anaingia bila kushikwa. Mstari wa mwisho ni wa watoto tu, mtu mzima magoti yatamfika kidevuni.

FundiUmemeAmani
Hiyo betri yake ni ya nikeli na inapoozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Ukienda kuiona, tafuta tundu la hewa karibu na viti, utoe kichujio. Kikiwa kimejaa vumbi, huenda betri imeumizwa na joto, mwambie muuzaji akupe gari uende nayo mpaka Paje na kurudi, kiyoyozi kimewashwa, kabla hamjazungumza bei.